Barua kwa mpwa wangu anayetaka kushika mbili

Mpwa wangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimevaa miwani. Naujibu hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniuliza, na nimechoka kuandika majibu yale yale nusu nusu usiku huku nasinzia. Jina lako sitalitaja, mama yako asije akanigombeza.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza limejaza kurasa mbili: uendelee na udaktari, au uuache ukasomee kompyuta, au ufanye kama mimi, uchanganye vyote viwili na hiyo jenomu, yaani DNA yote ya mtu, juu yake. La pili umelificha chini kabisa kwa mistari miwili, kama mtu anayeona haya. Umeandika kijiprogramu cha kutafuta badiliko linaloleta selimundu. Programu inasema liko nafasi ya 7, kitabu kinasema nafasi ya 6, umekagua mara kumi na huoni ulipokosea. "Labda kuandika programu si fani yangu," ukamalizia.

Hilo la pili ndilo lililonifurahisha. Nitalijibu mwishoni, na usiruke.

Mama yako amekuwa akiniimbia "mshika mbili moja humponyoka" tangu nilipoanza kukaa na watu wa kompyuta. Sibishani naye. Imeniponyoka kweli. Wapo niliohitimu nao ambao leo wakimwekea mgonjwa stetoskopu wanasikia kitu ambacho mimi lazima nisubiri picha ya moyo ndipo nikione. Na wapo vijana niliowafundisha mwenyewe ambao programu inayonila siku mbili wanaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa madaktari mimi ni yule mtu wa kompyuta, na mara mbili nimeombwa nikatengeneze printa. Kwa watu wa kompyuta mimi ni yule daktari anayeleta data chafu. Ukitaka kusifiwa kwa umahiri wa jambo moja, hii si njia yako.

Ila nikueleze nilivyoingia.

Nikiwa daktari kijana wodi ya watoto tulikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka na nusu. Degedege lilimwanza akiwa na miezi sita, siku ya homa, na homa ilipokwisha lenyewe halikwisha. Tukampa carbamazepine, dawa ya kifafa ambayo kila mmoja wetu aliijua. Akazidi. Tukaongeza dozi. Akazidi zaidi. Mama yake alikuwa na daftari la mistari, na kila degedege alilichorea kijiti kimoja, vinne vikisimama na cha tano kikivikata. Kurasa za baada ya sisi kuongeza dozi zilijaa vijiti mpaka pembezoni. Tuliliangalia lile daftari, tena mimi nililishika mkononi, tukasema ugonjwa wa mtoto huyu ni mkali. Hakuna aliyesema dawa.

Miaka kadhaa baadaye DNA yake ikasomwa, likaonekana badiliko kwenye jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo inatengeneza milango ya kupitisha sodiamu kwenye neva, hasa zile zinazoutuliza ubongo usichachamae. Carbamazepine nayo kazi yake ni kuziba milango ya sodiamu. Mtoto alizaliwa na upungufu wa milango, sisi tukawa tunamzibia iliyobaki. Siku hizi jambo hili linafahamika vizuri na dawa za kundi hilo huepukwa kwa watoto wa aina yake. Lile daftari lilikuwa limelisema mapema kuliko sisi.

Ndipo nilipoanza kujifunza kompyuta. Mapenzi na mashine sikuwa nayo. Nilitaka kujua jibu lile limetoka wapi na kwa nini lilichelewa.

Nilipomweleza mama wa mtoto, hakuuliza habari ya sodiamu. Aliuliza: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?"

Jibu la swali lake halipo kwenye DNA ya mtoto peke yake. Inabidi usome na ya mama na ya baba, uziweke tatu zote juu ya skrini moja. Mstari wa mtoto ulionyesha vijipande vya kijivu vimepangana kama matofali, na katikati safu moja nyembamba ambamo kama nusu ya vijipande vilikuwa na herufi nyingine (DNA ina herufi nne: A, C, G na T), yenye rangi. Safu ile ile kwa mama, kijivu kitupu. Kwa baba, kijivu kitupu. Badiliko lilizaliwa na mtoto mwenyewe. Kila mtu huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ambayo wazazi wake hawana, mengi hayana neno, na kwa huyu moja lilikuwa limeangukia pabaya. Nikaigeuza skrini ili aone mwenyewe. Alikaa akiitazama ile safu yake ya kijivu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Haya, tuje kwenye hizo mashine. Mashine ya kusoma DNA inayotumika sana haisomi kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Inakupa vipande vya herufi 150 hivi, vimechanganyika kama barua iliyochanwa. Jenomu ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, na ili uamini unachokiona utataka kila sehemu isomwe mara 30 hivi. Piga hesabu: vipande milioni 600 kwa mtu mmoja, na kila kimoja kirudishwe mahali pake. Hapo udaktari wako wote hauna msaada.

Njia inayotumika sana kuvirudisha haikubuniwa na mtu wa tiba. Michael Burrows na David Wheeler waliitoa mwaka 1994 kwa ajili ya kubana mafaili ya kompyuta yasichukue nafasi kubwa: unazipanga upya herufi za maandishi kwa utaratibu ambao zinazofanana hujikusanya pamoja, na bado unaweza kuyarudisha maandishi kama yalivyokuwa. Miaka 15 ikapita. Mwaka 2009 watafiti wa makundi tofauti wakautumia mpangilio ule ule kutafuta vipande vya DNA ndani ya herufi bilioni 3 bila kuzipitia zote, na zikatoka programu za BWA na Bowtie. Mimi kila nikiwaza jambo hili nacheka peke yangu. Mtu alitaka faili liwe dogo, leo tunamtafutia mtoto ugonjwa wake kwa hesabu ile ile.

Na kabla ya hapo yupo Jim Kent. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza mwaka 1990, na ilipofika mwaka 2000 ulikuwa na rundo la vipande bila programu ya kuviunganisha, huku kampuni ya Celera ikikaribia kuutangulia. Kent alikuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Santa Cruz, California, na zamani aliwahi kuandika programu za katuni. Alijifungia kama mwezi mmoja akaiandika, usiku akivipoza vifundo vya mikono kwa barafu kwa sababu ya kuchapa. Tarehe 22 Juni 2000 jenomu ilikuwa imeunganishwa, siku nne kabla ya kutangazwa Ikulu ya Marekani, na tarehe 7 Julai ikawekwa kwenye intaneti, bure kwa yeyote.

Usidhani kazi yenyewe ni barafu na utukufu. Sehemu kubwa ni kusafisha. Kuna jeni ziliitwa SEPT2 na MARCH1. Ukizifungua kwenye Excel, Excel inaona ni tarehe, Septemba 2 na Machi 1, inakubadilishia bila kukuuliza. Mwaka 2016 watafiti walikagua orodha za jeni zilizoambatanishwa na makala za sayansi wakakuta kama makala moja katika kila tano zenye orodha za Excel ina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 wenye mamlaka ya majina ya jeni wakashindwa na Excel, wakabadilisha majina ya jeni: SEPTIN2, MARCHF1. Binadamu wote duniani wana jeni zilizopewa majina mapya kwa ajili ya lahajedwali moja.

Mimi langu ni hili. Niliwahi kukaa wiki mbili nikiamini nimegundua mabadiliko kadhaa ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Kila nililolitafuta kwenye hifadhidata halikuwemo. Nilishaanza kuandika makala kichwani, hata kichwa cha habari nilikuwa nacho. Kumbe orodha yangu ilikuwa ya jenomu ya rejea ya zamani, GRCh37, na hifadhidata ilikuwa ya GRCh38, iliyotoka mwishoni mwa 2013. Toleo likibadilika, namba za mahali zinasogea. Nilikuwa nagonga milango kwa namba za nyumba za kabla ya mtaa kupangwa upya. Aliyenigundulia ni mwanafunzi, kwa upole ulioniuma zaidi kuliko angenicheka.

Nimekutajia jenomu ya rejea, basi tulia hapa kidogo, maana kwangu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mgonjwa yeyote tunayemsoma tunamlinganisha na rejea hiyo, na mtu wa kawaida hutofautiana nayo mahali milioni 4 hadi 5. Rejea yenyewe ni ya nani? Mwaka 1997 gazeti moja huko Buffalo, New York, lilitoa tangazo la kuomba watu wa kujitolea kutoa damu. Kama asilimia 70 ya rejea imetoka kwa mmoja wao tu, anayejulikana kwa alama ya RP11. Hakuna ubaya, ilibidi waanze na mtu. Lakini katika hizo tofauti milioni 4 unatafuta moja inayoua, na njia kuu ya kuziondoa zisizo na hatia ni kuuliza: je, watu wazima wenye afya wanayo hii? Kama wengi wanayo na wanatembea, haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa adimu. Sasa watu gani umewauliza? Ilipofika mwaka 2016, asilimia 81 hivi ya washiriki wa tafiti kubwa za kulinganisha jenomu na magonjwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika, asilimia 3.

Kuna ugonjwa wa msuli wa moyo kunenepa, ule unaosikia kijana mwanamichezo kaanguka uwanjani akafa. Ni wa kurithi, kwa hiyo ukipatikana kwa mmoja ndugu zake hupimwa. Mwaka huo huo wa 2016 Arjun Manrai, Isaac Kohane na wenzao walirudi kwenye mabadiliko yaliyokuwa yameandikwa kuwa yanasababisha ugonjwa huo, wakayahesabu upya kwa data kubwa ya watu wa asili mbalimbali. Baadhi yalikuwa ya kawaida sana kwa Wamarekani weusi wenye afya zao. Hayakuwa ugonjwa. Yaliandikwa ugonjwa kwa sababu tafiti za mwanzo zilikuwa ndogo na hazikuwa na watu weusi wa kutosha wa kulinganisha nao, na wagonjwa halisi, wengi wao wenye asili ya Afrika, walikuwa wamekwishapewa majibu yasiyo sahihi. Waandishi walionyesha kwamba hata watu weusi wachache tu kwenye kundi la kulinganisha wangetosha kulizuia kosa.

Hebu fikiri ulikuwa wewe daktari unayempa kijana jibu lile. Karatasi imepigwa muhuri, maabara haikukosea kusoma, programu haikukosea kuhesabu. Kila mtu kafanya kazi yake sawasawa. Ili ulitilie shaka inabidi ujue mambo mawili kwa pamoja: moyo wa kijana huyu aliyekaa mbele yako unavyofanana, na lile neno "linasababisha ugonjwa" lilitoka kwenye jedwali gani, la watu wangapi, wa wapi. Ukijua la kwanza bila la pili utaiamini karatasi. Ukijua la pili bila la kwanza hutajua kuna kijana. Huyo Kohane, ukitaka kumfuatilia, ni daktari wa homoni za watoto aliyepata uzamivu katika sayansi ya kompyuta, na sasa yuko Harvard. Naye alishika mbili.

Unaniambia akili mnemba itayafanya haya yote kabla hujahitimu. Baadhi itayafanya, na vizuri. Programu iitwayo AlphaFold imekisia maumbo ya protini kwa namna ambayo nilipokuwa shule tungeiita uchawi, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na David Baker. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini mashine ya kutofautisha badiliko baya na zuri hufundishwa kwa mifano tuliyoiandika sisi, na umeshaona tulivyoandika. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer, naye daktari wa wagonjwa wa dharura, pamoja na wenzake walikagua algoriti iliyokuwa ikitumika Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Iliwapunja watu weusi, na wala haikuwa imepewa rangi ya mtu. Ilikuwa imeambiwa ikisie gharama, ikidhaniwa kuwa anayetumiwa fedha nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Weusi walitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa ule ule. Mashine ilijibu swali ililoulizwa, bila kukosea. Swali ndilo lilikuwa baya.

Kuhusu njia, nitasema kwa kifupi maana wengine watakuambia vizuri zaidi. Maliza udaktari. Najua hukutaka kusikia hivyo. Kuandika programu utajifunza hata ukiwa na miaka 30 au 40. Kukesha wodini na kubeba dhamana ya mgonjwa ni vigumu kurudi kukusomea baadaye. Huku ukisoma, jifunze takwimu kabla ya lugha ya programu, kwa sababu Python itakusamehe, takwimu hazisamehe, zinakaa kimya tu zikikuacha uaibike. Halafu tafuta mtu mmoja wa kompyuta ambaye haoni taabu kuulizwa maswali ya kijinga, na umlipe kwa kumjibu ya kwake. Mshahara sitaki kuuzungumzia. Nitakuambia tu kwamba marafiki zangu wapasuaji hawanionei wivu.

Na kabla hujapeleka mate yako kwenye kampuni ya kupima DNA, kama ulivyodokeza, niulize kwanza. Sisi wawili tumechangia kama robo ya jenomu. Ukiisoma yako umesoma na kipande changu, na mama yako nusu yake nzima.

Sasa swali lako la pili.

Programu yako haijakosea. Kitabu nacho hakijakosea. Mwanasayansi Vernon Ingram alipoonyesha, mwaka 1957, kwamba hemoglobini ya selimundu imetofautiana na ya kawaida kwa kiungo kimoja cha protini, yaani asidi amino moja, hakuwa na DNA mkononi. Alikuwa na protini iliyokomaa, na humo viungo vikahesabiwa kama vilivyoonekana: cha sita, asidi ya glutamiki imegeuka valini. Wewe umeanza na jeni. Jeni inaanza na methionini, kiungo ambacho seli hukikata na kukitupa protini ikiwa bado inatengenezwa, kwa hiyo Ingram hakukiona kamwe. Kanuni za sasa za kuandika mabadiliko zinakihesabu. Ndiyo maana ya kwako ni ya 7 na ya kitabu ni ya 6, na kiungo ni kile kile. Kwenye DNA ni herufi ya 20 ya sehemu inayotafsiriwa, A iliyogeuka T, GAG ikawa GTG.

Ukimaliza hapo utataka kuitafuta kwenye jenomu nzima, nakujua. Iko kromosomu ya 11. Kitabu kitasema A imekuwa T, faili lako litasema T imekuwa A, kwa sababu DNA ina nyuzi mbili, A ya uzi mmoja ikikabiliana na T ya mwingine, na jeni hii husomwa kwenye uzi wa upande wa pili. Usinipigie simu saa nane za usiku, nimeshakueleza. Nafasi yake ni 5227002 kama faili ni la GRCh38, na 5248232 kama ni la GRCh37. Mistari ya juu ya faili kwa kawaida inakuambia ni lipi, kaisome kabla hujaandika chochote.

Mjomba wako